Muziki yangu ya likembe na ordinateri ya 2009 haifunguki tena, nifanye nini?

mwana_katuba
Bandugu habari. 2009 nilitunga muziki ya dakika 11, mupigaji anapiga likembe (vyuma vidogo juu ya ubao, unapiga na vidole), mikro inashika, kiisha programu ya Max inaikata inaigeuza inairudisha mu bafle ine, na chini yake kuna makelele ya treni nilirekodi mwenyewe ku gare. Sasa Mac ya ule wakati batri imevimba, ekran inawaka dakika tatu inazima. Nikapeleka faili mu mashini mupya ya rafiki, imefunguka, lakini masanduku matatu ya ndani ya Max (kila moja inafanya kazi yake ku sauti) inaniambia kitu kama hiki hakuna. Moja njo ile ya mwangwi, na bila mwangwi ule hii haiko muziki yangu tena. Kijana moja wa Kamalondo anataka kuipiga mwezi wa nane. Nitengeneze mashini ya zamani ao niandike yote upya?

fundi_sono
Kwanza ile batri usiichaji tena hata kidogo!! Kama ni ile inatokaka, itoe, washa na chaja peke yake, itaenda polepole lakini itaenda, na ekran ingine unachomeka pembeni. Yale masanduku matatu bantu waliyaandika kwa biti 32, ile namna ya zamani ya programu, na Apple ilifunga mlango wa biti 32 mu 2019 na Catalina, mfumo wa Mac wa ule mwaka, kwa hiyo mu mashini mupya hata ukilia hayatarudi. Ila faili za Max tangu toleo la 5 ni maandishi tu, zifungue na programu yoyote ya kuandika utaona namba zako zote ziko ndani.

yaya_wa_ruashi
Mudogo wangu, hauko wa kwanza. Boulez, mutunzi wa Ufaransa, aliandikia muziki yake Répons mashini ya 4X (ordinateri ya kugeuza sauti) kule Ircam, nyumba ya utafiti wa muziki ya Paris, 1981, mutunzi Manoury naye Jupiter 1987, na 4X leo ni chuma. Miziki hizo ziko zinapigwa juu bantu walizihamisha kila mara mu mashini mupya. Miller Puckette mwenye alianzisha Max njo alitengeneza Pure Data mu 1996, programu ingine ya namna ya Max, ni ya bure, na Jupiter yenyewe aliihamishia humo.
Lakini mbele ya kuandika upya tumia zile dakika tatu. Tuma sauti moja fupi sana, kama kupiga kofi mara moja, ipite mu ule mwangwi, urekodi mukia yake mpaka inyamaze. Mukia ule utaubandika mu programu ya leo, likembe yoyote ikipita humo itasikika kama ya zamani.

sauti_ya_mutambo
Yaya iko sawa ila kama mwangwi ulikuwa unasogea-sogea kofi moja haitoshi, itakupa picha yenye imesimama. Tuma mara kumi, linganisha. Na urekodi kila bafle peke yake, kwa ubora mukubwa, 96 kHz biti 24, siyo mp3 ya ku WhatsApp jamani. Mi naona bantu wenye walitunga muziki ku kanda walibahatika: Gesang der Jünglinge ya Stockhausen ni ya 1956, unaikopi unaipiga, basi. Ya kwako inataka mutu akae mbele ya mashini, njo shida.

fundi_sono
Kanda nazo zinanata mzee, zingine lazima uzikaushe kwa digrii kama 50 masaa mengi ndiyo zizunguke. Na siyo mu furu ya mikate, mi niliona mutu alijaribu.

mwana_katuba
Aksanti sana bote. Nimetoa batri, nimetuma makofi kumi na mbili mbele haijazima, na kweli mukia hazifanani, ulikuwa unasogea. Kiisha nikafungua faili kama maandishi nitafute ile namba ya kusogea, mu katikati ya mabano nikakuta niliandika mwenyewe mu 2009: "0.37 usiguse, yaya amesema hapa njo inatoka mvua ku mabati". Mupigaji wangu wa kwanza alisha kufa, ile "yaya" njo yeye. Kesho naanza Pure Data na 0.37.