Majibu ya mahojiano yangu yote yanafanana. Nafanyaje?

Mgeni_Uwandani

Wakuu, salamu. Nipo uwandani kwa ajili ya tasnifu ya anthropolojia ya jamii. Nafuatilia kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wanachama wengi ni kina mama. Ninachotaka kujua ni nini hutokea mwanachama akishindwa kurejesha mkopo.

Kila ninayemhoji ananijibu kilekile: "Akichelewa anapigwa faini, akizidi wadhamini wanalipa, hapa hakuna upendeleo." Mwenyekiti kasema hivyo, katibu kasema hivyo, na mama aliyejiunga juzijuzi naye kasema hivyo, hata mpangilio wa maneno ni uleule. Lakini nikikaa kwenye vikao sijaona faini hata moja ikitozwa. Tena kuna dada mmoja ambaye jina lake likisomwa watu wote wanainamia simu zao. Nikiuliza, naambiwa "huyo ana ruhusa", na mazungumzo yanahamia kwingine.

Msimamizi wangu anataka niongeze idadi ya mahojiano. Mimi naona nitaishia kupata sentensi ileile kutoka midomo mingi zaidi. Natumia mwongozo wa maswali na narekodi kwa simu, kwa ridhaa yao. Nibadilishe maswali, mbinu, au mada kabisa?

DaftariJeusi

Mada usiiguse. Hiyo "ana ruhusa" peke yake inakutosha sura nzima ya tasnifu.

Mwongozo wako sijauona, ila nakisia umejaa "huwa inakuwaje" na "utaratibu ni upi". Ukiuliza hivyo, mtu anakusomea katiba ya kikundi. Hakudanganyi, anajibu ulichouliza. Sasa uliza kilichotokea mara ya mwisho. Nani alichelewa? Kikao kipi? Nani alisimama kumtetea, nani alinyamaza? Mdhamini wake alikuwa nani, na wanahusianaje? Fedha ilirudi mkononi mwa nani, na mbele ya nani? Neno "kwa nini" liweke akiba kwa sasa, maana linamfanya mtu atafute sababu ya heshima.

Haya ni ya zamani. W.H.R. Rivers, mtafiti Mwingereza aliyekuwa kwenye msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge wa mwaka 1898 kwenda visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, alitambua kwamba kumuuliza mtu kanuni za ndoa au urithi kwa jumla kunazaa majibu ya juujuu. Akawa anaandika na mtu ukoo wake, jina kwa jina: huyu alimwoa nani, mali ya yule ilikwenda kwa nani. Kanuni zikajitokeza zenyewe kutoka kwa watu halisi. Maelezo ya mbinu hiyo aliyachapisha mwaka 1910, na mpaka leo sijaona njia bora ya kuanzia.

Fanya vivyo hivyo kwa kikundi chako. Chukua orodha ya wanachama, kisha kaa na mama mmoja mwenye subira mchore: nani ndugu wa nani, nani alimleta nani kikundini, nani kamdhamini nani. Mistari ikishajaa, mtafute huyo dada kwenye mchoro. Sitashangaa ukikuta mistari mingi inapita kwake.

Halafu soma kazi za mwanaanthropolojia Max Gluckman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester. Hawakuridhika na kutaja kisa kimoja ili kupamba kanuni. Waliwafuata watu walewale kutoka ugomvi mmoja hadi mwingine, wakaona kanuni ileile inavyotajwa na kila upande kwa faida yake. Mkopo unaochelewa ni kisa cha namna hiyo hasa: una mwanzo, una mashahidi, na kila kikao kinaongeza kitu.

Mtu_wa_Pembeni

Napinga kidogo, mkuu. Unaongea kana kwamba jibu la kukariri halina maana. Hilo jibu ni data nzuri sana! Kikundi kizima kimekubaliana namna ya kujieleza kwa mtu wa nje. Wamejifunzia wapi, na wanadhani anayeuliza ni nani?

Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alipofika mwaka 1930 kwa Wanuer, wafugaji wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, alizungushwa mpaka akakaribia kukata tamaa. Yeye mwenyewe ameandika mazungumzo ambamo anauliza tu jina la mtu na ukoo wake, na kila swali linarudishwa kwake: unalitakia nini? Wengine wanayasoma wanacheka. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa imetoka kupigana na watu hao, na asubuhi moja askari waliizingira kambi alimokuwa akiishi, wakasaka manabii na kuchukua mateka. Nani angemtajia ukoo wake?

Kwa hiyo kabla hujagusa mwongozo, Mgeni, tuambie: ulitambulishwa na nani? Na vikaoni unakaa wapi?

Mgeni_Uwandani

Alinitambulisha mwenyekiti, kwa barua ya chuo aliyoisoma kwa sauti. Nawekewa kiti meza kuu, kati ya mweka hazina na sanduku la fedha.

Na sasa nakumbuka kuna shirika linakuja kukagua vikundi. Wana fomu ya maswali. Moja ni "mwanachama akichelewa kurejesha mnafanya nini".

Mtu_wa_Pembeni

Basi wewe ni mkaguzi. Fomu unayo, barua unayo, na kiti cha mkaguzi umekikalia.

Hama hapo, kwa adabu lakini. Mwombe mwenyekiti ukae na wanachama "ili usikie vizuri", asione umemkimbia. Wahi kabla ya kikao, chelewa kuondoka. Ukipewa kazi ya kupanga viti au kubeba sanduku, ipokee. Kazi ya kuandika daftari la mikopo ikataeni, wewe na nafsi yako, hata wakubembeleze kwa sababu umesoma. Siku hesabu ikigoma kutimia utakuwa ndani ya ugomvi, si pembeni yake. Kinasasauti kikae kwanza mfukoni kikiwa kimezimwa, na wajue kimezimwa.

Kwa kuanzia, ningekaa karibu na hao wanaoinamia simu.

MamaTasnifu

Mmemnyang'anya kinasasauti, sasa mpeni daftari.

Mwanangu, kikaoni andika vijineno tu: jina la kubuni, tendo moja, neno moja lililokushtua. Usiandike wakati mtu anasema jambo la aibu. Subiri mada ibadilike. Usiku huohuo, kabla hujamsimulia mtu yeyote, kaa uandike kirefu. Ukishasimulia, kichwa kinashika simulizi yako na kuacha kilichotokea. Maneno ambayo una hakika yalisemwa hivyohivyo yatie alama za kunukuu. Uliyoyakumbuka kwa maana tu yaache bila alama. Mawazo yako yaweke ukurasa wa pili, yasichanganyike na uliyoyaona. Na andika nani alikaa karibu na nani hata kama unaona upuuzi.

Nakala zitunze sehemu tofauti. M.N. Srinivas, mwanaanthropolojia wa India, alifanya utafiti katika kijiji cha Rampura, kusini mwa India, mwaka 1948. Mwaka 1970 akiwa Stanford, Marekani, moto uliwashwa kwenye jengo la ofisi yake, na nakala zote tatu za madokezo aliyoyachambua kwa miaka mingi ziliungua kwa sababu zilikuwa humo humo. Kitabu alikiandika hatimaye kwa kumbukumbu na kikasifiwa, lakini wewe na mimi si Srinivas.

Kuhusu huyo dada, hapo nina wasiwasi na ushauri wa DaftariJeusi. Jina la kubuni litamficha kwa wasomaji wa chuoni. Wanakikundi watamjua kwa mstari mmoja tu. Na barua ya mwenyekiti si ridhaa yake. Akikuzoea, mweleze mwenyewe unachoandika. Akikataa, kisa chake kinabaki kukusaidia kuelewa, lakini hakiingii kwenye tasnifu. Daftari la mikopo nalo usilipige picha kwa idhini ya katibu peke yake, liombe mbele ya kikao.

DaftariJeusi

Nakubali kuhusu ridhaa. Mgeni, mchoro wa udhamini anza na wadhamini, si na yeye. Kama yumo atatokea bila kutajwa.

Mgeni_Uwandani

Asanteni sana wakuu. Leo nimekaa nyuma. Mama mmoja kaninong'oneza, bila kuulizwa, kwamba faini "zinaandikwa kwa penseli". Nimeshaiandika.

Moja bado: msimamizi anasubiri idadi. Nimpelekee nini?

MamaTasnifu

Mpelekee mchoro wa udhamini na ukurasa mmoja wa kikao cha leo, ukiwa na hiyo penseli. Mwambie mahojiano yataongezeka baada ya hapo, na utakaowahoji ni waliokuwemo kwenye mikopo iliyochelewa, kila mmoja kuhusu mkopo uleule. Na muulize kama chuo kinahitaji ridhaa mpya kwa kuwa umebadilisha mbinu. Uliza kabla ya kikao kijacho.