Kifuniko cha faiba cha mashine ya ndani: kalibu au plaiwudi?

Mvuvi wa Tongoni

Ndugu mafundi na manahodha, habari za kazi. Nina mashua ya mbao yenye mashine ya dizeli ya silinda mbili, ya lita 1, iliyofungwa karibu na tezi. Sanduku la mbao linaloifunika limeoza upande wa chini kwa maji ya ngama (yanayotuama chini ndani ya mashua) na oili, na kelele za mashine zimezidi kiasi kwamba nahodha na baharia wake hawasikilizani. Nimekusudia kutengeneza kifuniko kipya cha faiba nyumbani, chenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 70. Useremala naujua, lakini rizini, ule utomvu unaoshikanisha nyuzi za faiba, sijawahi kuishika. Je, nitengeneze sanduku la plaiwudi na kulivika faiba, au nitengeneze kalibu na kutoa gamba la faiba tupu? Ninunue rizini na mikeka ya faiba kiasi gani? Na joto hili la kaskazi litanisumbua kwa namna gani?

Fundi wa Likoni

Ndugu Mvuvi, kwa kuwa kifuniko chako kina pande bapa na wewe ni seremala, mimi ningechagua kalibu. Tengeneza sanduku la mbao zilizobandikwa fomaika (karatasi ngumu laini ya plastiki) kwa ndani, ulifunge kwa skrubu kutoka nje, kisha utandike faiba ndani yake. Kwa njia hiyo uso wa nje wa kifuniko hutoka laini bila kupigwa msasa, na siku ya kulitoa gamba utafungua skrubu na kuondoa ubao mmoja mmoja badala ya kugonga kwa nyundo. Pembe zote za ndani uzijaze plastisini na kuilainisha kwa mgongo wa kijiko mpaka ziwe mviringo, kwa sababu mkeka wa faiba haukubali kukunjwa kwenye pembe kali. Huinuka na kuacha hewa nyuma yake, na hapo ndipo jelikoti, yaani tabaka la rangi la uso wa nje, huvunjika kwanza. Paka nta ya kalibu mara kadhaa, ukiisugua kila mara, kisha umalizie kwa PVA, maji yanayokauka kuwa utando wa kuzuia gamba lisigande kwenye kalibu, na kuiacha ikauke.

Kuhusu hesabu, pande nne na juu yake zina eneo la karibu mita 3.8 za mraba. Baada ya jelikoti, ambayo itakula kilo 2 na ushei, tandika mkeka mmoja mwepesi wa gramu 300 kwa mita ya mraba, halafu mitatu ya gramu 450. Hiyo ni kilo 6 na kidogo za mkeka, nawe ununue 7 kwa sababu ya mapishano na vipande vya kukata. Mkeka wa nyuzi fupi hunywa rizini mara mbili hadi mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo dumu la kilo 20 litakutosha. Unene utakuwa milimita 4 hivi, na kifuniko kizima kitapita kilo 20. Uzito huo mtu mmoja hawezi kuunyanyua mashua ikiyumba, kwa hiyo ningekata sehemu ya juu iwe mfuniko wenye bawaba. Chini ya mfuniko weka vipande viwili vya povu gumu kwa upana na kuvivika faiba, maana hata ukiandika tangazo, kuna mtu atasimama juu yake tu.

Joto ndilo la kuogopwa kuliko yote. Kigumishi, dawa inayoifanya rizini igande, huwekwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rizini. Wakati wa kaskazi tumia asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo, ukipima kwa mizani na si kwa kifuniko cha chupa. Usishuke chini ya hapo ukitafuta muda zaidi, kwani rizini inaweza isikomae kabisa. Muda utaupata kwa kuchanganya kidogo kidogo, kilo moja au pungufu, kwenye karai pana badala ya ndoo yenye kina, na kwa kuanza alfajiri mahali penye kivuli. Tandika mikeka miwili, uikandamize kwa rola ya chuma mpaka hewa yote itoke, uiache ipoe, ndipo uendelee. Ukiweka yote kwa mpigo, joto la rizini lenyewe litapinda gamba.

Bahari Unguja

Nakubaliana na Fundi juu ya kalibu, ila naona mazungumzo yameegemea gamba na kuisahau mashine. Mashine ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ya lita 1 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika inahitaji takriban lita 1,250 za hewa kila dakika kwa ajili ya kuchoma mafuta peke yake, mbali na hewa ya kupoozea. Sanduku la zamani liliipata hewa hiyo kupitia nyufa zake. La faiba halina nyufa, na ukilibana chini kwa mpira ili kuzuia kelele, mashine itakosa pumzi na kutoa moshi mweusi.

Matundu wazi nayo huachia kelele zilezile unazozikimbia. Dawa yake ni njia ya hewa yenye kona mbili, iliyobandikwa povu ndani, ili hewa ipite na sauti igonge kwenye povu. Weka moja chini mbele na nyingine juu nyuma, midomo yake ikitazama kinyume na mawimbi. Povu hilo liwe la seli zilizofungwa (vitundu visivyopitisha maji) au lenye ngozi, kwa sababu sponji ya kawaida hufyonza oili na kugeuka utambi.

Kabla ya kukata chochote, fungua mashine na utazame unachokigusa kila siku: kijiti cha oili, filta ya dizeli, mkanda, mpira wa pampu ya maji ya chumvi. Vyote vifikike kwa kuinua mfuniko tu. Bomba la moshi kama ni kavu (halipoozwi kwa maji) livike kitambaa cha kuzuia joto na liwe mbali na faiba, maana rizini ya kawaida ya poliesta hulainika hata kabla ya joto la maji yanayochemka. Mwisho, toboa tundu dogo lenye kizibo, linalotosha mdomo wa kizimamoto. Moto ukizuka ndani, hutakiwi kufungua kifuniko na kuupa hewa.

Nahodha Mstaafu

Mimi natetea plaiwudi. Ya baharini, ya milimita 9, iliyovikwa faiba nje na ndani, ni nyepesi kwa ugumu wake na inazuia sauti vizuri kuliko gamba la milimita 4. Inaoza pale tu mtu anapotoboa skrubu na kuacha mbao wazi. Kila tundu litobolewe kubwa, lijazwe rizini iliyofanywa nzito, ikishaganda litobolewe upya.

Mvuvi wa Tongoni

Nawashukuru wote, na kwako Nahodha shikamoo. Nitafuata kalibu. Dukani nimeambiwa rizini yao inauzwa na chupa ya kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, pembeni. Nayo hutiwa pamoja na kigumishi? Pia nimesikia upande wa ndani hubaki unanata. Je, povu litashika?

Fundi wa Likoni

Kobalti na kigumishi visikutane kamwe bila rizini kati yao, kwani hulipuka. Afadhali ununue rizini ambayo kobalti imekwisha kutiwa kiwandani. Kama haipatikani, koroga kobalti kwenye rizini yote kwanza, uifungie chupa mbali, ndipo kigumishi kiingie wakati wa kazi. Vaa miwani iliyofunika macho pande zote, kwa sababu tone la kigumishi linaweza kupofusha, na maji mengi ya kunawia yawe karibu. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa rizini. Tafuta yenye makopo ya kaboni.

Kunata ni kawaida, kwa sababu hewa huzuia uso wa juu kukauka. Tabaka la mwisho lichanganywe na nta maalumu ya rizini, ambayo hupanda juu na kuziba hewa. Likishakauka, lipige msasa mpaka nta yote itoke na ulifute kwa asetoni kabla ya kubandika povu, la sivyo gundi itaachia joto likipanda.