Mzee wa kanisa AMEFUTA BENCHI baada ya mama yangu kuinuka!!

Wakuu, nimetoka ibadani sasa hivi, hata viatu sijavua, kwa hiyo asije mtu kuniambia ninywe maji kwanza.

Huyu mzee mnamjua. Wote mnamjua, msijifanye. Yule anayesimama mlangoni kifua mbele utadhani kanisa amelijenga kwa kiinua mgongo chake, wenye magari anawasalimia kwa mikono miwili, sisi wa daladala anatusalimia kwa nyusi. Huyo huyo. Leo amefuta benchi.

Mama yangu yuko mjini kwa ajili ya kliniki ya macho, ametoka Makete. Nikamuwahisha ibada ya kwanza akae mbele angalau amuone mchungaji. Tumefika kanisa tupu, hata mpiga kinanda hajaja, tukakaa benchi la pili. Mama na kitenge kipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana, kitabu cha nyimbo kakiweka pembeni yake. Tumeimba, tumeungama, tumesamehewa. Matangazo yanaanza, ndipo mgeni rasmi wa harambee ya paa anaingia, amechelewa kama ilivyo ada yao. Mzee wetu mbio. Akamwinamia mama akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka getini: "Mama, hapa ni pa wageni."

Mtu katoka Makete jamani, yeye mwenyeji wa wapi?

Mama akainuka, akasema "samahani baba". Anamwita baba mtu wa umri wa mwanawe. Hatujamaliza hata kutoka kwenye benchi, mwenzenu akachomoa kitambaa. Cheupe, kimepigwa pasi pembe zote nne. Akafuta pale pale alipokuwa amekaa mama yangu. Na si kupangusa mara moja basi, hapana! Alifuta kushoto kwenda kulia, akarudi, kisha akapuliza. AKAPULIZA, wakuu! Ndipo akamkaribisha mheshimiwa.

Yakobo 2:3 inamsema mtu anayemwambia mwenye mavazi mazuri "Keti wewe hapa mahali pazuri", halafu maskini anaambiwa "Simama wewe pale". Yakobo alikuwa anakataza. Huyu wetu ameisoma kama mwongozo wa kazi, akaongeza na kitambaa ambacho hata Yakobo hakukifikiria.

Mahubiri sikuyasikia. Ahadi ya mheshimiwa ya milioni tano niliisikia, maana ilipigiwa vigelegele ambavyo Pasaka yenyewe haikupata. Mama kafungua pindo la kitenge akatoa elfu mbili yake. Yesu alikaa kulielekea sanduku la sadaka akamuona mjane wa senti mbili. Mzee wetu naye hukaa kulielekea sanduku, ila yeye ana sababu zake.

Tumefika nyumbani mama ananiuliza, "Kwani kitenge changu kilikuwa na vumbi?"

Nimjibu nini? Kafuta, kapuliza!

Mlalahoi Mstaafu: Siti ya mbele ya uzi huu nimewahi mimi. Atakayekuja na kitambaa tutaelewana vibaya.

mamaDee: Pole sana mkuu. Wa kwetu alimrudishia bibi mmoja bahasha yake kwa sababu haikuandikwa namba. Hela alizitoa kwanza lakini.

Kiatu Kimoja: Chai. Watu wa kutembea na kitambaa cheupe mfukoni waliisha enzi za Redio Tanzania, RTD.

Mwana wa Makete: Chai ya nini? Nenda kaangalie benchi la pili, linang'aa peke yake kanisa zima.

Ndama wa Mwisho: Swali dogo mkuu. Amefuta, amerudi, amepuliza. Muda wote huo wewe ulikuwa wapi?

Mlalahoi Mstaafu: Alikuwa anatunga uzi 😂😂

Mwana wa Makete: Nimpige kanisani? Mama yangu amenishika mkono! Tusihamishe mada. Alipuliza.

Ndama wa Mwisho: Yesu alipindua meza za wavunja fedha, wewe kitambaa tu kimekushinda.

Kipaimara98: Mnalilia benchi? Huku kwetu usipoonekana jumuiya, siku ukifa ndugu zako ndio wanaitwa kujieleza. Mjomba alilala kwenye jeneza sebuleni, katibu anapekua daftari la michango. Tulilipa madeni ya marehemu ndipo padri akapigiwa simu.

Jirani wa Mkesha: Mimi na mabenchi yenu hatujuani. Ila spika ya mkesha imeelekezwa dirishani kwangu. Saa nane usiku nahimizwa kumpenda jirani, na jirani mwenyewe ni mimi hapa, sijalala.

Safu ya Kwanza: Ndiyo maana msikitini anayewahi ndiye anakaa mbele. Uwe waziri, uwe muuza kahawa.

Kiatu Kimoja: Na ukitoka unakuta viatu vyako vimewahi zaidi yako.

Safu ya Kwanza: 😂 Hilo nimeamua kulinyamazia.

Kipaimara98: Usawa wa kweli niliuona Loliondo 2011. Kikombe cha dawa cha Babu shilingi 500, tajiri na maskini.

Mlalahoi Mstaafu: Bei ilikuwa moja, foleni haikuwa moja. Wenye helikopta walitua Samunge, kijijini kwa Babu, wakanywa wakaondoka. Sisi tulilala garini tukipigwa vumbi.

mamaDee: Afadhali kikombe. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakigombania kukanyaga mafuta ya upako ibadani. Kwenye hilo sina utani kabisa.

Mwana wa Makete: Wakuu, naomba turudi kwenye kitambaa.

Mwenye Nyumba Mpole: Nami nitoe la kwangu. Leo kwenye mnada baada ya ibada, jogoo amekwenda laki mbili. Aliyemchukua ni mpangaji wangu, kodi hajalipa tangu Pasaka! Mkono wa mnada ni mzima, wa kodi umepooza. Mathayo 5 inasema uiache sadaka madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Yeye kapita mbele yangu kamkumbatia jogoo, akaniambia "Bwana asifiwe".

Ndama wa Mwisho: Ukaitika?

Mwenye Nyumba Mpole: Nikaitika, ningefanyaje?

Kiatu Kimoja: Si ungemkamata jogoo iwe kodi.

Mwenye Nyumba Mpole: Kamrudisha mezani anadiwe tena. Watu wakapiga makofi.

Mlalahoi Mstaafu: Huyo jogoo wa laki mbili ni kienyeji kabisa au chotara?

Mwenye Nyumba Mpole: Chotara. Kama kilo tatu na nusu.

mamaDee: Mnaibiwa kwa jina la Bwana. Chotara wa kilo hizo mimi natoa kwa elfu thelathini, nipo Mbezi, njooni PM.

Mwana wa Makete: Hivi kuna mtu aliyesoma uzi wangu mpaka mwisho?

Safu ya Kwanza: mamaDee, unaletea mteja mpaka Temeke?

mamaDee: Kuanzia watano, nauli juu yangu.