Mjadala: Mtaa uwe na baraza la kupigiwa kura, au mzee wa mtaa atosha?

Mtepe Mbovu: Salaam wana Mombasa. Wiki ya tatu hii mtaro wa nyuma ya kwetu umeziba. Mzee wa mtaa kanituma kwa chifu, chifu kasema mitaro ni ya kaunti, ofisi ya wadi ina kufuli. Nikakaa nikapiga hesabu. Sensa ya 2019 ilitupa watu 1,208,333, na wadi zetu ni 30. Yaani mwakilishi mmoja kwa watu kama 40,000. Huyo ataujulia wapi mtaro wangu? Mbona tusichague baraza la mtaa wenyewe, watu saba tunaowajua, badala ya mzee aliyewekwa na chifu?

Pweza Mkavu: Hao wazee kazi yao bao na kahawa. Barua ya kitambulisho haiandikwi mpaka utoe ya chai. Wapigie kura uone, watakunywa chai mara mbili.

Mzee Kashata: Pweza, chunga ulimi. Mimi ni mzee wa mtaa mwaka wa 14 na sina mshahara. Nimeamshwa saa nane za usiku kuamua ugomvi wa mke na mume. Nimesimamia maiti isiyo na jamaa mpaka ikazikwa. Kahawa najinunulia mwenyewe. Na bao huchezwa baada ya alasiri, si saa za kazi.

Pweza Mkavu: Saa za kazi gani, na mshahara huna?

Bi Mkunazi: Mwacheni baba wa watu. Mwabishania kahawa, mtaro hausemwi. Na hao watu saba wa Mtepe, mwanamke yumo hata mmoja?

Shadda: Hatuna haja ya kubuni kitu. Sheria ya Serikali za Kaunti, ya 2010 kama sikosei, ina baraza la kijiji lenye wazee watano.

Karani Mstaafu: Ni ya 2012, kifungu cha 53. Wazee si chini ya watatu wala zaidi ya watano, na kura hawapigiwi. Huteuliwa na msimamizi wa kijiji, bunge la kaunti likaridhia. Ni uteuzi ule ule, umebadilishwa kanzu. Msiililie manispaa ya zamani nayo, ya kabla ya kaunti: meya alikuwa akichaguliwa na madiwani, si mimi na wewe.

Abuu Ngalawa: Nimeishi Dar miaka sita. Mtaa una mwenyekiti na kamati yake, kura kila miaka mitano, za mwisho Novemba 2024. Kando yupo mtendaji wa mtaa, huyo ni mwajiriwa. Ukitaka barua, mwenyekiti ni nyumba ya tatu tu.

Shadda: Sema yote, Abuu. Kugombea sharti udhaminiwe na chama. 2019 wapinzani wakubwa walijitoa, CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99. Ukilileta hilo huku, hata mtaro utapakwa rangi ya chama.

Mwenye Makuti: Mimi kura naikubali, lakini wapige wenye nyumba. Mpangaji leo yuko hapa, kesho kahamia Mtwapa. Mambo ya mtaa yamhusu nini?

Chumba Kimoja: Eeh, limetoka! Nimepanga nyumba moja miaka 11. Watoto wangu wawili wamezaliwa humo. Mwenye nyumba yuko Kizingo, mtaani twamuona tarehe tano akija kuchukua kodi. Sasa yeye ndiye ajuaye mtaro?

Mwenye Makuti: Sikukutaja. Lakini mgeni ni mgeni.

Chumba Kimoja: Mgeni! Hiyo nyumba yako imesimama juu ya ardhi ya nani? Nyumba bila ardhi twazijua, Majengo zimejaa. Kuta zako, kiwanja cha mtu, kila mwezi walipa. Basi nawe mpangaji, tumezidiana mabati tu.

Mwenye Makuti: Usiniingilie mambo ya urithi wetu hapa.

Mzee Kashata: Kijana kasema kweli, hata ikiuma. Marehemu baba alijenga kwa makubaliano ya mdomo. Mpaka leo twalipa kiwanja, na mwenyewe simjui kwa sura.

Pweza Mkavu: Kumbe mzee nawe kura huna! Rudi kwenye bao.

Mzee Kashata: Njoo nikufunge.

Karani Mstaafu: Kwani aliyesema kura ni ya wenye nyumba ni nani? Hata ubunge hauulizwi hati ya nyumba.

Mwenye Makuti: Ndiyo maana wabunge wenyewe ndio hao.

Mtepe Mbovu: Jamani, mtaro.

Bi Mkunazi: Wa kwetu umezibuliwa leo asubuhi. Tumechanga shilingi hamsini hamsini, kijana wa mkokoteni kaingia na koleo, saa nne maji yalikuwa yanakwenda. Baraza halikukaa.

Chumba Kimoja: Wapangaji walitoa?

Bi Mkunazi: Wapangaji ndio waliotoa. Mwenye nyumba tulimpigia mara tatu, hakushika.

Mwenye Makuti: Simu ilikuwa haina chaji.