Tupeane uzoefu: njia ya mwendokasi inapojengwa mbele ya duka lako

Mleta mada: Wakuu, tangu njia ya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, Kimara–Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Kariakoo (jumla km 20.9, mabasi yalianza Mei 2016), hadi Mbagala na Gongo la Mboto, kero za ujenzi ni zilezile: maji kukatika, vumbi, mteja hana pa kupita. Wenye ujuzi wekeni hatua zinazofanyika. Lawama tunazijua.

Bomba_Nchi4: Ucheleweshaji mwingi hautoki kwenye zege, unatoka chini ya ardhi. Mchoro wa zamani unaweza kuonyesha bomba lipo mita moja toka ukingo wa barabara, kumbe lipo mita tatu. Kwa hiyo kabla kijiko hakijashuka, chimbeni mitaro ya majaribio kwa sururu na koleo, ikate barabara kwa upana, hasa kwenye makutano. Mkikuta mkanda wa rangi au mchanga laini usiofanana na udongo wa pale, pole pole: chini kuna waya.

Kisha mpangilio ni mmoja tu. Laza bomba jipya, lipime presha, lioshe kwa klorini, unganisha usiku, ndipo ukate la zamani. Mitaa hukaa kavu kwa sababu mtu amekata kwanza. Wengi pia huhamisha bomba kuu wakasahau laini za majumbani. Hesabuni mita moja moja, andikeni namba zake, kila moja irudi kwenye bomba jipya. Na kabla ya kumwaga zege pitisheni mabomba matupu chini ya njia kwa ajili ya nyaya za baadaye. Zege likishakomaa, kulipasua ni kusimamisha mabasi.

Mdau_Leith: Kwa tramu (treni ya abiria inayopita barabarani) ni zaidi, maana reli haichepuki. Edinburgh, Uskoti, njia ya kwanza ilifunguliwa Mei 2014 wakati ilipangwa 2011, kwa pauni milioni 776, na kuhamisha mabomba kulichangia sana. Kipande cha Leith, eneo la jiji hilohilo, kikaachwa ilhali mtaa ulishachimbwa. Walipokirudia hadi Newhaven, kilichofunguliwa Juni 2023, walibadili utaratibu: eneo linafungwa mara moja, kazi zote zinamalizwa humo, ndipo linafunguliwa. Hilo ndilo la kudai na huku.

Mama_Fremu: Wenye maduka, kabla kazi haijaanza piga picha kuta, nyufa na ngazi, zenye tarehe, nakala ibaki serikali ya mtaa. Bila hizo, ufa wa mtetemo wa mashine ya kushindilia utaambiwa ulikuwepo. Mauzo yakishuka nenda TRA (mamlaka ya mapato) urekebishe makadirio ya kodi kabla ya awamu inayofuata; ukinyamaza, unadaiwa kodi ya enzi barabara ikiwa wazi. Kivuko cha mbao mbele ya fremu kiwe na kingo na upana wa kupitisha mkokoteni. Ubao mmoja unamfukuza mama mwenye mtoto mgongoni.

Pegi: Kuna jambo kubwa kuliko vumbi: usawa. Barabara mpya mara nyingi inakuja juu. Muulize mpima akuonyeshe pegi yenye alama ya usawa wa mwisho. Chukua mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ujaze maji, toa mapovu yote (povu moja linadanganya), ncha moja ilinganishe na alama, nyingine isimamishe kwenye kizingiti chako. Maji yakikaa juu ya kizingiti, masika mvua itaingia ndani. Dai mtaro na kalavati kabla tuta halijashindiliwa. Baada ya hapo unabaki na viroba vya mchanga.

Boza: Vumbi linataka maji kidogo, mara nyingi. Ukimwaga mengi asubuhi tu unapata tope, magari yanalisambaza, mchana linageuka vumbi jembamba zaidi. Malori ya kifusi yafunikwe turubai.

Mama_Fremu: Nyongeza kwa @Pegi: madai hayo usimwambie msimamizi kwa mdomo. Andika barua kwa mhandisi mshauri, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa.