Okidi yangu imechipua na kutoa ala, lakini ua halijaja: nisubiri hadi lini?

Dada wa Roshani, South B

Ndugu wapenzi wa maua, naomba ushauri wenu kuhusu okidi aina ya Cattleya ninayoitunza kwenye roshani ya ghorofa ya tatu hapa Nairobi. Niliinunua ikiwa na maua ya zambarau katika kitalu kimoja kando ya barabara ya Ngong, na maua hayo yaliponyauka, jicho lililokuwa chini ya tunguu la mwisho, yaani lile shina nene linalobeba jani, lilivimba likatoa chipukizi jipya. Chipukizi hilo lilikua katika miezi ya baridi, kuanzia Juni hivi, likarefuka kuliko matunguu yote ya zamani, na mvua za vuli zilipofika lilikuwa limekwisha kufungua jani lake moja pana pamoja na ile ala nyembamba ya kijani, yaani kifuko kinachofunika maua machanga, inayotokea pale jani linapoungana na tunguu. Tangu hapo hakuna kilichobadilika isipokuwa ncha ya ala, ambayo sasa imeanza kuwa ya kahawia.

Roshani yetu inaelekea kusini, na taa ya ulinzi ya ploti huwaka usiku kucha karibu na mahali chungu kilipo. Jani jipya ni la kijani kilichokoza na linapendeza sana. Ninamwagilia maji ya kisima kirefu kilichochimbwa hapa hapa kwenye ploti. Jirani amenishauri niikate ala hiyo na kutia mbolea yenye fosforasi nyingi. Mwingine aliyejifunza kwa wakulima wa Ulaya ananiambia nisubiri majira ya majani kupukutika, ambayo sisi hatuna. Nitajuaje kama ninasubiri ua au ninasubiri bure?

Nina swali dogo la pili. Okidi yangu ya kipepeo, yaani Phalaenopsis, imetoa kitu cha kijani kati ya majani mawili ya chini. Je, huo ni mzizi au ni shina la maua?

Mzee wa Ngong

Dada, usiikate hiyo ala. Kazi yake ni kuyalinda machipuko ya maua yakiwa bado madogo na laini, na kunyauka kwake si lazima kuwe dalili ya ugonjwa. Zipo Cattleya ambazo maua yake hupasua ala ikiwa bado mbichi, na zipo nyingine ambazo ala hukauka kabisa ikawa kama karatasi, kisha baada ya miezi kadhaa maua yakatoka ndani ya ukavu huo. Mimea inayouzwa kwenye vitalu vyetu kwa kawaida ni machotara yaliyochanganywa vizazi vingi, kwa hiyo bila kibao cha jina hakuna awezaye kukuambia wako uko upande gani. Usiku, weka tochi nyuma ya ala na uitazame kwa mbele. Ukiona kivuli kilichosimama chini kabisa ndani yake, hayo ndiyo maua yanayokuja, nawe huna la kufanya isipokuwa kutoibughudhi. Ukiona maji yamenasa ndani, au ala imekuwa nyeusi na laini badala ya kahawia na kavu, hapo ndipo unapoweza kuichana taratibu kuanzia juu ili hewa ipite.

Hata hivyo, katika maelezo yako kuna jambo lililonigusa kuliko ala, nalo ni hilo jani linalokupendeza. Kwa Cattleya, kijani kilichokoza ni dalili ya kukosa mwanga. Jani linalopata mwanga wa kutosha huwa la kijani hafifu chenye umanjano kidogo, na tunguu lake huwa fupi na nene. Lako limerefuka kuliko wenzake, na hiyo ndiyo dalili ya pili.

Sababu yake naiona katika neno moja ulilolitaja, kusini. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, kiasi cha digrii moja na robo hivi kusini yake, na kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa anga kuanzia katikati ya Machi hivi hadi karibu mwisho wa Septemba, kisha huhamia upande wa kusini kwa nusu ya mwaka iliyobaki. Roshani inayotazama kusini hupata jua lake kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati chipukizi lako lilikua Juni hadi Septemba, likiwa kivulini, tena chini ya mawingu mazito ya Julai ambayo sote tunayajua. Lilijenga jani na ala, lakini pengine halikuweka akiba ya kutosha ya kulilea ua. Nina hakika kwamba wengi wanaolalamika kuwa okidi zao hazichanui hapa jijini wangepata jibu kama wangeuliza kwanza nyumba yao inatazama wapi.

Kuhusu mbolea ya fosforasi, haitaleta ua mahali ambapo mwanga haukuleta. Mbolea ya kawaida iliyozimuliwa, ukiitia wakati chipukizi linakua, inatosha.

Mama wa Vyungu, Kasarani

Mzee amesema vyema kuhusu mwanga, lakini mimi ningeanza na maji. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Nairobi yana floridi na chumvi nyinginezo kwa wingi, na okidi kama hii, ambayo kwa asili yake hushika matawi ya miti na kunywa maji ya mvua, haiyavumilii kwa muda mrefu. Dada, tazama ukingo wa chungu na sehemu ya juu ya magome ya miti yaliyomo chunguni: je, kuna utando mweupe? Kisha tazama ncha za mizizi. Mzizi wenye afya una ncha ya kijani inayong'aa, na sehemu yake iliyobaki ni nyeupe kama fedha ikiwa kavu na hugeuka kijani ikiloa. Ncha ikiwa nyeusi na imesinyaa, chumvi imekwisha kuichoma, na mmea usio na ncha za mizizi hauwezi kumaliza tunguu lake vizuri hata ukiuweka juani kutwa.

Dawa yake ni kukinga maji ya mvua. Mvua ya vuli na ya masika inayotiririka kutoka paa moja inatosha kujaza mapipa kadhaa, na okidi chache hazinywi maji mengi. Ukiishiwa, tumia maji ya mfereji wa jiji, na mara kwa mara mimina maji mengi yapite chunguni hadi yatoke chini ili yaondoe chumvi iliyojikusanya.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni wakati wa kubadilisha chungu. Chipukizi la Cattleya hutoa mizizi yake lenyewe, na huo ndio wakati wa kuihamisha, mizizi hiyo inapoanza tu kutokeza chini ya chipukizi. Ukihamisha kabla ya hapo, mmea hukaa bila kunywa kwa muda mrefu. Ukihamisha mizizi ikiwa imerefuka, utaivunja. Tumia magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vikubwa, uchanganye na vipande vya makaa, wala usitie udongo hata kidogo.

Mwalimu wa Mimea

Ningependa kuongeza jambo ambalo bado halijaguswa, nalo ni ile taa ya ulinzi. Majaribio yaliyofanywa Marekani katikati ya karne ya 20 yalionyesha kwamba baadhi ya Cattleya, zikiwemo zile za jamii ya Cattleya labiata ya Brazil, hufanya maua siku zinapokuwa fupi na usiku unapokuwa na ubaridi, na kwamba mwanga wa taa unaorefusha siku unaweza kuzizuia zisichanue huku zikiendelea kukua majani bila tatizo lolote. Hapa kwetu siku ina takribani saa 12 mwaka mzima, ikitofautiana kwa dakika chache tu, na ubaridi wa usiku tunao. Taa inayowaka hadi alfajiri inauondoa huo usiku. Si machotara yote yanayojali jambo hili, lakini kukikinga chungu na taa ni kazi ya dakika moja: kisogeze nyuma ya ukuta, au tundika kitambaa kizito kati yake na taa.

Hii pia ndiyo sababu ushauri wa Ulaya hautufai bila kupimwa. Kule mkulima hufuata kalenda, kwa kuwa siku hurefuka na kufupika kwa saa nyingi. Sisi hatuna budi kuusoma mmea wenyewe, yaani jicho, chipukizi, mizizi, tunguu na ala, kwa sababu okidi moja inaweza kuchipua Februari na jirani yake kwenye roshani hiyo hiyo ikachipua Agosti.

Kuhusu Phalaenopsis, tazama ncha. Mzizi una ncha ya mviringo iliyo laini, na mara nyingi huelekea chini au pembeni. Shina la maua hutokea kwenye kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na shina, huelekea juu, na ncha yake ni bapa kidogo yenye mkunjo unaofanana na glovu ya mtoto. Aina hii huanza kutoa shina la maua ikipata majuma kadhaa ya joto lililo chini ya nyuzi 26 hivi, kwa hiyo Nairobi inaifaa, mradi usiku wa Julai usiikute nje. Ikishatoa shina, iweke mbali na ndizi zinazoiva na moshi wa jiko, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka humo huangusha machipuko kabla hayajafunguka.

Kijana wa Ruaka

Naongeza kwa ufupi kwa ajili ya wenye okidi za Dendrobium za jamii ya nobile. Hizo zikitiwa nitrojeni na maji bila kupumzishwa katika miezi ya baridi, hutoa vitoto, yaani mimea midogo juu ya mashina, badala ya maua. Wala msiyakate mashina ya zamani yaliyopoteza majani, kwa sababu humo ndimo maua hutokea.

Dada wa Roshani, South B

Nawashukuru nyote. Nimetazama kwa tochi, na ndani ya ala sioni kivuli chochote. Utando mweupe upo, na ncha za mizizi miwili ni nyeusi. Kile cha kwenye Phalaenopsis kinaelekea juu na ncha yake ni bapa, jambo lililonifurahisha mno. Kwenye Cattleya, chini ya lile tunguu refu kuna jicho jingine ambalo limeanza kuvimba. Mzee, je, nilikatie tamaa hili la kwanza?

Mzee wa Ngong

Ala iache ilipo, kwani haidhuru kitu, na machotara mengine hukawia. Lakini juhudi zako zote sasa zielekeze kwenye hilo jicho. Umebahatika, dada, kwa sababu linaamka Januari, wakati roshani yako ina jua. Sogeza chungu karibu na ukingo kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, chini ya neti ya kivuli saa za adhuhuri, kwa maana jua letu la nyanda za juu huunguza jani lililozoea kivuli. Likianza kuwa na umanjano hafifu, hapo ndipo mahali pake. Ifikapo mwisho wa Machi, tafuta dirisha linalotazama kaskazini au mashariki, au omba nafasi juu ya paa. Mvua za masika zitakuwa zimekaribia, nawe utakuwa na maji safi. Chungu usikiguse hadi uone mizizi ya chipukizi jipya imeanza kutokeza, kisha ufanye kama Mama wa Vyungu alivyoelekeza.