MJADALA: Msimbo wa ugonjwa achague nani, tabibu au mtunza kumbukumbu?

Mtunza kumbukumbu, Kasulu
Wakuu, habari za jioni. Huku vituo vinahama kutoka daftari la MTUHA (la taarifa za huduma za afya) kwenda kompyuta, na kuna hoja imeshika kasi: tabibu asiruhusiwe tena kuandika ugonjwa kwa maneno yake. Achague msimbo wa ICD-10, yaani orodha ya kimataifa inayoupa kila ugonjwa herufi na namba, na asipochagua mfumo usimpeleke ukurasa unaofuata. Wanaoitaka wanasema takwimu zitanyooka na madai ya bima hayatarudishwa.

Mimi naipinga. Kaa pembeni ya tabibu saa nne asubuhi, foleni imefika nje ya geti, umwangalie anavyochagua. Anaandika "malaria", orodha inashuka: B50, B51, B52, B53, B54. Kipimo kimeshaonyesha falsiparamu, mojawapo ya aina za vimelea vya malaria, kwa hiyo ni B50. Yeye anabonyeza B54, malaria isiyobainishwa, kwa kuwa ndiyo inayofanana na neno alilozoea. Mgonjwa anapona vizuri tu, ila mkoa unahesabu malaria isiyojulikana ni ya vimelea gani.

Kubwa zaidi ni alama ya kuuliza. Tabibu akiandika "?TB" ana maana anashuku, makohozi bado yako maabara. Orodha haina alama ya kuuliza. Akichagua A16, kwenye karatasi mtu ameshakuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Wakati ICD-10 yenyewe ina Z03.0, ya mtu anayechunguzwa kwa kushukiwa TB, lakini ipo sura ya 21, karibu na mwisho, na sijaona tabibu akiifikia. Tabibu aandike anavyofikiri, msimbo aweke aliyesomea kazi hiyo, siku hiyohiyo, faili likiwa mkononi.

Tabibu, Kibondo
Ndugu yangu, aliyesomea kazi hiyo yuko hospitali ya wilaya. Zahanati yetu ina watumishi wawili, mmoja akienda semina nabaki na chanjo, kliniki na mapokezi. Huyo wa kuweka misimbo siku hiyohiyo atoke wapi?

Halafu nikuulize. Ukikuta nimeandika RF, utaweka nini? Kwa aliyelala nyumba ya udongo yenye papasi, homa inakuja siku kadhaa, inaondoka, inarudi, hiyo ni homa ya papasi (relapsing fever), A68.1. Kwa mtoto aliyeumwa koo wiki zilizopita na sasa magoti yamevimba, ni ile homa inayoshambulia viungo na moyo (rheumatic fever), I00 kama moyo haujaguswa. Kwa mzee wa kisukari ambaye mkojo umekata, ni figo kushindwa kazi (renal failure), N19. Herufi ni zilezile mbili. Niliyemuona mgonjwa ni mimi, sasa nawezaje kukuachia wewe ubahatishe?

TEHAMA, Tabora mjini
Wote wawili mnagombea kitufe. ICD iliundwa kwa ajili ya kuhesabu: kila ugonjwa lazima uangukie kwenye kapu moja, na usio na kapu unaenda "nyinginezo". Lugha ya kliniki ni pana kuliko hapo. Ndiyo maana wengine hutumia SNOMED CT, kamusi ya kimataifa ya istilahi za kitabibu, yenye dhana zaidi ya laki tatu, kila moja na namba yake (malaria ni 61462000) na visawe vyake, kisha dhana ndiyo inayounganishwa na ICD kwa nyuma. Tabibu akiandika RF mfumo umwonyeshe zote tatu kwa maneno kamili, achague.

Ila maneno yake yasifutwe, hapo nasimama na wa Kasulu. ICD-11, toleo linalofuata, imeanza kutumika rasmi Januari 2022, na humo malaria isiyothibitishwa kwa kipimo ni 1F45, isiyobainishwa ni 1F4Z. Siku tukihama, B54 za miaka yote hii utazipeleka wapi kama ulihifadhi msimbo peke yake?

Mwenye kadi ya bima, Nzega
Sisi tunaoumwa hatuulizwi? Nimewahi kukosa dawa dirishani kwa sababu msimbo kwenye fomu haukuendana na dawa. Nikarudishwa kwa daktari, foleni upya. Achague yeyote, ila awepo wa kusahihisha palepale.

Mtunza kumbukumbu, Kasulu
Dada/kaka wa Nzega, hilo ni la haki kabisa. Mkuu wa TEHAMA, nakubali visawe, lakini orodha hiyo isiletwe ikiwa imeshafungwa. Ikusanywe kutoka madaftari ya Kigoma na Tabora, na vifupisho vyetu vyote, na "?" iwe chaguo linaloonekana. Tabibu wa Kibondo, utakubali kuwa kwenye kamati?

Tabibu, Kibondo
Mkinipa mtu wa kunishikia zamu. Na muanze na PID. Kwa wanawake ni maambukizi ya via vya uzazi (pelvic inflammatory disease), lakini madaktari wa mifupa wanaiandika kwa diski ya mgongo iliyotoka (prolapsed intervertebral disc). Tazameni ripoti zenu muone wanaume wangapi wamehesabiwa na maambukizi ya kizazi.